Joto Limetoka kwa Nani? Niliyojifunza kwa Kukosea Nikifundisha Nishati ya Mimenyuko

Siku hiyo kila kundi lilikuwa na kikombe cha maji yenye asidi ya sitriki, nikawaambia watie bikaboneti ya sodiamu, wakoroge na kusoma kipimajoto. Mchanganyiko ulifoka povu. Halijoto ikateremka kutoka nyuzi 24 hadi 17 na vikombe vikawa baridi mkononi. Darasa lilichangamka, nami nikaridhika. Jioni, nikisahihisha, nikafika kwenye karatasi ya msichana mmoja hodari wa hesabu, ambaye kwenye majaribio yangu alikuwa hakosi. Ameandika: "Mmenyuko huu unatoa joto, kwa sababu kikombe kimepoteza joto."

Nikaweka alama nyekundu ya kosa, nikaandika pembeni jibu sahihi: unafyonza.

Kesho yake alinifuata baada ya kipindi. "Mwalimu, ulisema kufyonza ni kuingiza joto ndani. Kama joto limeingia kikombeni, mbona kikombe ni baridi?"

Nilimrudia fasili. Mmenyuko wa endothemi ni ule unaofyonza joto kutoka kwenye mazingira. Akanitazama kidogo, akasema, "Sawa, Mwalimu." Kila mwalimu anaijua "sawa" ya namna hiyo. Ni ya mtu aliyekata tamaa ya kuelewa na kuamua kukariri. Nilikuwa nimefundisha mada hii kwa miaka minne, na nilipofungua karatasi za miaka iliyotangulia nikitafuta kosa hilohilo, nililikuta limejaa. Nilikuwa nikiliona kila mwaka na kulihesabu kuwa uzembe.

Naandika haya kwa ajili ya mwalimu anayekwenda kuanza mada hii kwa mara ya kwanza. Makosa yangu yaliwagharimu wanafunzi, na mengi yangeepukika kama mtu angeniambia mapema.

Hoja ya yule msichana haikuwa ya kijinga hata kidogo. Kitabu chetu kilichora kikombe kizima, kikaandika ndani yake "mfumo" na nje yake "mazingira". Ukiuchukua mchoro huo kwa uaminifu, maji yako ndani ya mfumo. Mfumo umepoa, basi umepoteza joto, basi joto limetoka. Mantiki yake imenyooka. Kilichopinda ni mchoro. Kinachomenyuka ni zile chembe za asidi na bikaboneti, na maji yaliyozizunguka ni mazingira yao, japo yamo katika kikombe kimoja. Kipimajoto nacho kimezama kwenye maji, kwa hiyo kinatuambia habari za maji, yaani za yule aliyenyang'anywa.

Sasa siku ya kwanza sianzi na fasili. Tunachora duara dogo katikati ya maji, ndani yake chembe zinazomenyuka, kisha mshale mmoja wa joto. Wanafunzi wanauelekeza mshale wenyewe baada ya kusoma kipimajoto. Na nimeweka sharti moja ambalo ninalisimamia bila kulegea: hakuna kusema "joto limetoka" au "joto limepotea" bila kutaja limetoka kwa nani na limepokelewa na nani. Mwanzoni sharti hili linawachosha. Baada ya wiki mbili wanasahihishana wenyewe.

Kuna jambo nililochelewa sana kulitambua, nalo liko kwenye lugha yetu. Neno "joto" tunalibebesha mizigo mingi. Tunasema joto la leo ni nyuzi 30, tukimaanisha halijoto. Tunasema kuna joto humu ndani, tukimaanisha hali ya hewa ya chumba. Halafu mwalimu wa kemia anasimama na kusema joto ni nishati inayohama kutoka penye halijoto kubwa kwenda penye halijoto ndogo, kana kwamba neno hilo halijawahi kutumika kwa kazi nyingine. Na baridi je? Baridi inaingia, baridi inapiga, funga mlango baridi isipite. Mtoto aliyekua na lugha hiyo akishika kikombe kilichopoa atafikiri kuna kitu kiitwacho baridi kilichoumbwa na mmenyuko kikamfikia kidoleni. Hajakosa akili, amesikia lugha yake vizuri.

Kwa hiyo natenga nusu kipindi kwa maneno tu. Nawaambia wapasue neno "halijoto" wenyewe: hali ya joto. Ni hali, siyo kiasi. Kisha tunafanya jaribio ambalo kwangu ndilo lenye manufaa kuliko yote katika mada hii, na kemikali zake zimo karibu katika kila maabara ya shule.

Chukua mililita 50 za asidi ya haidrokloriki yenye moli 1 kwa lita (moli ni kipimo cha wingi wa chembe), na mililita 50 za haidroksidi ya sodiamu yenye ukali huohuo. Zote ziwe zimekaa chumbani hadi zilingane halijoto. Zichanganye kwenye kikombe cheupe chepesi cha povu la plastiki chenye kifuniko, siyo kwenye bika ya kioo. Halijoto itapanda kwa nyuzi 6 na kitu. Sasa kabla ya kuendelea, waulize: tukichanganya mililita 100 kwa mililita 100, itapanda kwa nyuzi ngapi? Kila mmoja aandike ubashiri wake na kuufunika. Darasani kwangu wengi huandika 13. Halafu wanachanganya, na kipimajoto kinasimama palepale penye 6 na kitu.

Ukimya wa dakika ile usiuharibu kwa kueleza. Mimi niliuharibu mwaka wa kwanza kwa sababu niliogopa muda. Waache wagombane. Mtu atasema kipimajoto kimeharibika, mwingine atasema tumekosea vipimo. Mwishowe atatokea wa kusema, "Lakini na maji yameongezeka." Hapo ndipo kanuni ya joto inapopata maana, maana kila gramu ya maji inahitaji nishati ya juli 4.18 ili ipande kwa nyuzi moja. Katika kikombe kidogo moli 0.05 za asidi zimemenyuka, na kwa kilojuli 57 hivi kwa kila moli, zimetoa kama kilojuli 2.85 zilizogawanywa kwa gramu 100. Katika kikubwa joto ni maradufu, na wa kugawiwa nao ni maradufu. Mgao haukubadilika.

Tahadhari ndogo: haidroksidi ya sodiamu ni hatari kwa macho kuliko wengi wanavyodhani. Miwani ya kinga ivaliwe na wote, hata anayeandika tu.

Upande wa vifungo vya kemikali, vile vinavyoshikilia atomi pamoja, uliniletea aibu ya aina nyingine. Wanafunzi wangu walikuwa wakiandika kwamba vifungo vikivunjika nishati hutoka, nami nikawa nalalamika kwamba wamelishwa hilo kwenye biolojia. Siku moja nilipitia maandalio yangu mwenyewe ya mwaka wa pili, nikakuta nimeandika kwa mkono wangu: "nishati iliyohifadhiwa ndani ya vifungo huachiliwa." Niliandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa na sikuwahi kusimama kulihoji.

Ukweli ni kinyume. Kuvunja kifungo ni gharama, kila mara, bila ubaguzi. Kinacholipa ni kuunda vifungo vipya. Mmenyuko hutoa joto pale malipo ya kuunda yanapozidi gharama ya kuvunja. Nilihangaika sana kutafuta namna ya kulifanya lishikike, hadi nikachukua sumaku mbili nikawapa. Zitenganisheni. Mkono unafanya kazi au haufanyi? Unafanya. Sasa ziachieni. Zinarukiana na kugongana, na ule mlio wa "tak" ni nishati inayotoka zinaposhikana. Hakuna mwanafunzi ambaye ameshika sumaku kisha akaniambia kwamba kutenganisha kunamletea nishati.

Baada ya sumaku ndipo naleta tarakimu, na mfano ninaoupenda ni haidrojeni na klorini kwa kuwa hauna pa kujificha. Kuvunja moli moja ya vifungo vya haidrojeni kwa haidrojeni kunagharimu kilojuli 436. Klorini kwa klorini, 242. Jumla ya gharama ni 678. Kisha zinaundwa moli mbili za haidrojeni kloridi, kila moja ikilipa 431, jumla 862. Faida ni 184, na hiyo ndiyo inayotoka kama joto. Tunaiandika hasi 184 kwa sababu daftari tunalolisoma ni la mmenyuko, na mmenyuko umetoa. Nilipokuwa nafundisha "hasi ni moto, chanya ni baridi" walifaulu maswali mepesi, kisha wakapotea kabisa walipofika kwenye vifungo. Alama ile ifundishe kama hesabu ya mmiliki wa daftari, siyo kama rangi ya kukariri.

Hapo pia swali la kiberiti linajibika lenyewe. Kila mwaka kuna anayesema mshumaa unafyonza joto kwa vile hauwaki bila kuwashwa. Nilikuwa namjibu kwa kumtajia nishati ya kuamsha, jina tu. Sasa namuuliza sumaku zilikuwa zimeshikana na nini kabla hazijapata nyingine. Lazima kwanza uzibandue. Kiberiti kinalipa gharama ya kubandua kwa chembe za mwanzo, halafu joto linalotoka linawalipia wengine.

Nilikwenda pia kuzungumza na mwenzangu wa biolojia, jambo ambalo ningepaswa kulifanya miaka mingi nyuma badala ya kumnung'unikia. Tulikaa saa nzima na ATP, ile molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Hakuwa anafundisha uongo, alikuwa anatumia sentensi fupi mno. Tulikubaliana wote wawili tuseme nishati hutoka ATP inapomenyuka na maji, kwa kuwa vifungo na mvutano wa chembe baada ya mmenyuko ni imara kuliko vilivyokuwapo kabla. Sentensi imerefuka kidogo tu, na mkanganyiko mkubwa umepungua katika madarasa mawili kwa mpigo.

Sasa nisimulie lililoniumiza.

Jaribio la kuunguza ethanoli ni la kawaida: taa ya spiriti chini, kopo la maji juu, unapima halijoto ya maji na uzito wa taa kabla na baada. Kipindi kilikuwa kinakaribia kwisha na taa ya kundi moja ikaisha spiriti. Nilikuwa na haraka. Niliona haina mwali, nikachukua chupa kubwa nikaanza kujaza. Mwali wa ethanoli ni wa bluu hafifu mno, na mahali penye mwanga wa dirisha hauonekani. Taa ilikuwa bado inawaka. Moto uliruka juu ya meza, ukashika daftari, na mvulana aliyekuwa amesimama upande wangu akaungua kifundo cha mkono.

Tuliuweka mkono wake chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, nikimshikilia mimi mwenyewe, nikitetemeka kuliko yeye. Kidonda kilikuwa kidogo na kilipona. Lakini nilimpigia mzazi wake simu na kumwambia waziwazi kwamba kosa ni langu, na nilimwandikia mkuu wa shule vivyo hivyo. Majaribio yote ya moto yalisimamishwa hadi mwisho wa muhula. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikishika chupa ya spiriti moyo unakwenda mbio.

Tangu siku hiyo taa hujazwa kabla wanafunzi hawajaingia, na chupa kubwa hutoka nje ya chumba. Taa ikiisha, kundi hilo limemaliza, linatumia vipimo lilivyonavyo. Taa huzimwa kwa kifuniko chake, haipulizwi, na haiguswi hadi ipoe. Kama shule yako haina nafasi ya kutosha baina ya meza, fanya jaribio hili mbele wewe mwenyewe na wao wasome vipimo. Hawatapoteza kitu cha maana.

Nalo jaribio lenyewe lilikuwa na somo ambalo nilikuwa nikilifukia. Tuseme kundi limechoma gramu 0.8 za ethanoli na gramu 100 za maji zimepanda kwa nyuzi 25. Maji yamepokea kilojuli 10.45. Ukigeuza kwa moli moja, gramu 46, unapata kama kilojuli 600. Kitabu kinasema 1367. Wanafunzi wanaona wameshindwa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa natoa alama kwa kadiri jibu lilivyokaribia la kitabu. Matokeo yake niliyaona mwenyewe: makundi yenye 1,350 na 1,370 kutoka kwenye makopo yaliyo wazi kabisa, jambo lisilowezekana. Nilikuwa nimewafundisha kughushi.

Sasa alama nyingi ziko kwenye swali moja: kilojuli zilizobaki zimekwenda wapi? Hapo ndipo lile sharti la "kwa nani" linapozaa matunda. Wanaorodhesha: kopo lenyewe limepata joto, hewa ya pembeni imepata, sehemu ya ethanoli imepaa kwenye utambi bila kuungua, masizi meusi chini ya kopo yanaonyesha kwamba uunguaji haukukamilika. Kisha nawapa karatasi ya alumini na kifuniko, wajaribu kupunguza upotevu. Kundi lililotoka 600 hadi 800 kwa kuziba upepo linapata alama nyingi kuliko lililoniletea 1367. Sura zao siku hiyo ni tofauti kabisa na za zamani.

Kwenye hesabu, makosa ni yaleyale kila mwaka, kwa hiyo nayataja kabla hayajatokea. La kwanza ni kuweka uzito wa kitu kinachomenyuka mahali pa uzito wa maji. Kwenye jaribio la kutia zinki katika myeyusho wa salfeti ya shaba, ambalo hutoa joto, kwa mfano, utamwona mtu anazidisha gramu za zinki kwa 4.18. Namuuliza tu, nani alipokea joto? Anafuta mwenyewe. La pili ni kuongeza 273 kwenye tofauti ya halijoto, kwa sababu wamezoeshwa kugeuza Selsiasi kuwa Kelvini popote waionapo. Tofauti ya nyuzi 10 ni tofauti ya Kelvini 10, basi. La tatu ni kuchanganya juli na kilojuli, na hilo dawa yake ni mazoea ya kujiuliza kama jibu linaingia akilini.

Jambo la kipimajoto pia. Chenye mistari ya nyuzi moja moja kinakupa shaka ya nusu nyuzi kila unaposoma, na unasoma mara mbili. Kwenye ongezeko la nyuzi 6 na kitu, hiyo ni sehemu kubwa. Ndiyo maana sitaki majibu yenye tarakimu tano. Na kwenye zinki, usiridhike na kilele kinachosomwa. Soma kila nusu dakika, tia zinki dakika ya tatu, endelea kusoma hadi ya kumi, chora grafu, kisha urudishe nyuma mstari wa kupoa hadi dakika ya tatu. Kwa mililita 25 za salfeti ya shaba yenye moli 0.2 kwa lita, na zinki ya kuzidi, utakaribia ongezeko la nyuzi 10 kama kikombe chako kina kifuniko.

Mwaka huu nilirudia jaribio la asidi ya sitriki na darasa jipya. Mvulana mmoja akauliza swali ambalo zamani ningelisogeza: "Mwalimu, kama mmenyuko huu unahitaji kupewa joto, kwa nini umeanza wenyewe bila kulazimishwa?" Nilikaribia kumwambia atasoma chuo kikuu. Badala yake nilimweleza kwamba Marcelin Berthelot, Mfaransa aliyetupa maneno eksothemi (ya kutoa joto) na endothemi katika karne ya 19, aliamini kwamba mimenyuko inayojiendea yenyewe ni ile inayotoa joto, na kwamba kikombe alichoshika yeye mvulana kinampinga Berthelot. Tukaliangalia lile povu. Gesi ya kabonidayoksaidi ilikuwa imebanwa ndani ya yabisi, sasa imetawanyika chumba kizima. Nikawaambia kutawanyika nako kuna uzito wake, na kwamba uzito huo unaweza kuushinda ule wa joto.

Hawakuridhika wote, na sikuwalazimisha. Nilipokuwa napita kukusanya vikombe, kundi la nyuma lilikuwa bado linabishana. Mmoja alishikilia kwamba joto limeingia kikombeni kutoka chumbani. Mwenzake akachovya kidole, akakitoa, akamwonyesha kipimajoto.

"Chumba bado. Maji ndiyo yaliyotoa. Chumba kitaanza kuyarudishia maji sasa hivi, ngoja uone."

Wakaniomba niwaachie kikombe chao hadi kengele. Nikakiacha.